Msitu Ukiungua, Nani Aruhusu Kukata?

Hivi karibuni tulitembelea darasa moja la kisomo. Siku hiyo wanakisomo walikuwa wanasoma habari za gazeti kwa sauti, kila mtu kwa zamu yake. Mama mmoja akasoma habari ya moto wa misitu huko Marekani. Habari ile ilisema kuwa moto umekwisha zimwa, lakini sasa watu wanapelekana mahakamani kwa ajili ya miti iliyoungua. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono. Akauliza, "Mwalimu, mti umekwisha kufa. Mtu akiukata anaua nini tena? Kesi ya nini?"

Darasa zima lilicheka. Mwalimu naye alicheka, kisha akatutazama sisi wageni tumsaidie. Sisi tulijibu haraka haraka, na jibu letu halikuwa zuri. Mzee hakuridhika, tulimwona. Basi tukaahidi kulijibu swali lake katika gazeti, baada ya kusoma vizuri.

Kwanza tuelewane msitu wenyewe ni wa nani. Huko Marekani iko misitu ya watu binafsi, iko ya makampuni, na iko ya serikali. Misitu ya taifa inayotunzwa na Idara ya Misitu ina ukubwa wa ekari milioni 193 hivi. Sisi tumezoea kupima ekari moja kwa hatua 70 kwa 70. Ekari milioni 193 huwezi kuzipima kwa hatua. Ni eneo linalokaribia ukubwa wa Tanzania Bara nzima. Idara hiyo iko chini ya Wizara ya Kilimo, na misitu yake ni mali ya umma. Maana yake, karani anayekaa mjini New York na mfugaji wa jimbo la Oregon wote wana haki juu ya msitu ule ule. Na mali ya wote ikitaka kuuzwa, wote wana haki ya kuuliza inauzwaje.

Sasa moto unaingia. Miti mingi ya misitu ya magharibi ya Marekani ni ya jamii ya misonobari, mirefu sana. Moto mkali ukipita, majani huungua, magome huungua, mti hufa. Lakini shina hubaki limesimama. Ukilipasua utakuta mbao ndani bado ni nzima na nyeupe.

Uzima huo haukai. Wadudu wanaotoboa miti huja mapema sana, wengine wakati moshi bado unatoka. Wanataga mayai chini ya gome, na watoto wao wanakula njia kwenda ndani. Ukungu nao unaingia na kuipaka mbao rangi ya buluu. Jua linaikausha na kuipasua. Mti mwembamba huharibika upesi, mti mnene huvumilia zaidi. Lakini bei yake inashuka kila mwezi, na baada ya miaka miwili au mitatu magogo mengi hayana faida tena kwa mwenye kiwanda. Kwa hiyo wavunaji wanasema: tukate sasa, mbao zisioze bure. Kazi hiyo ya kukata miti iliyokufa kwa moto, upepo au wadudu ili kupata mbao kabla hazijaoza, sisi hapa tutaiita kuokoa mbao.

Msifikiri wanaotaka kuokoa mbao ni watu wabaya. Tangu mwaka 1908 sheria ya Marekani iliagiza robo ya mapato ya misitu ya taifa irudi katika wilaya zile zile zenye misitu, kwa ajili ya shule na barabara. Kwa miaka mingi iko miji midogo iliyokula kwa magogo na kusomesha watoto kwa magogo. Kiwanda kikifungwa, mji unahama. Baba ambaye shule ya mwanawe ilijengwa kwa fedha za magogo, akiona mlima mzima wa mbao unaoza mbele ya macho yake, atalia. Hata sisi tungelia.

Sasa tutazame upande wa pili. Mlima ulioungua ni kama mtu aliyetoka kuugua. Majani yaliyofunika udongo yameungua. Mvua ya kwanza ikinyesha, udongo unateremka pamoja na maji. Wakati huo huo yakiingia matrekta makubwa kuburuta magogo, yanaugandamiza udongo au kuuchimbua. Barabara za muda zinakatwa ubavuni mwa mlima. Matope yanaingia kwenye mito, na samaki wa huko hutaga mayai katikati ya kokoto za mto. Matope yakifunika kokoto, mayai hayapati hewa, yanakufa.

Tena ule mti uliokufa una wapangaji. Yuko ndege mmoja wa Marekani ya Kaskazini, kigong'ota mwenye mgongo mweusi. Ndege huyu anapenda sana msitu ulioungua upya. Anakula wale watoto wa wadudu tuliowataja, na anatoboa tundu katika shina lililokufa apate kulala na kulea makinda. Ukiondoa mashina yote, umemwondolea chakula na nyumba. Na gogo likianguka lenyewe likalala kwa kukingama mlima, linazuia udongo, na linatia kivuli kidogo juu ya mche unaoota.

Habari za mche ziliwahi kuleta ugomvi mkubwa. Mwezi Julai 2002 radi iliwasha moto kusini-magharibi mwa Oregon. Moto huo uliitwa Biscuit. Uliteketeza karibu ekari 500,000, nyingi zikiwa katika msitu wa taifa, na mwingine uliingia jimbo la jirani la California. Idara ya Misitu ilifanya uchunguzi, na mwaka 2004 ikatoa mpango wa kuuza mbao nyingi mno. Wamarekani hupima mbao kwa futi ya ubao, yaani kipande chenye urefu wa futi moja, upana wa futi moja na unene wa inchi moja. Mpango ulikuwa futi za ubao milioni 372. Kesi zikafuata, mbao zikaoza, bei zikashuka, na mwishowe kilichokatwa hakikufika hata robo ya mpango.

Lakini jambo tunalotaka kuwaeleza ni hili. Kijana mmoja mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, jina lake Daniel Donato, aliingia na wenzake katika msitu ule ulioungua. Wakahesabu miche iliyoota yenyewe, mahali palipokatwa na mahali pasipokatwa. Wakaona kuwa ukataji umepunguza miche kwa asilimia 71. Yaani penye miche 100, baada ya magogo kuburutwa ilibaki kama 29. Waliona pia kuwa matawi na vijiti vilivyoachwa chini na wakataji vimeongezeka, na hivyo ni kuni tayari kwa moto mwingine. Habari hii ilitolewa mwaka 2006 katika gazeti la wanasayansi liitwalo Science. Baadhi ya maprofesa wa chuo kile kile waliandika kuomba gazeti lichelewe kuichapisha. Lilichapisha. Wataalamu wengine walisema si haki kuhukumu misitu yote kwa mlima mmoja, na kwamba mtu akikata mapema kabla miche haijaota, hasara si ile ile. Hilo nalo ni neno la kweli. Mlima na mlima hufanana kwa mbali, ukifika karibu kila mmoja una udongo wake na maji yake. Kwa sababu hiyo ni lazima mtu aende akatazame.

Na sheria ya Marekani inasema jambo hilo hilo. Rais Richard Nixon aliitia sahihi tarehe 1 Januari 1970. Ni Sheria ya Taifa ya Sera ya Mazingira. Inaagiza kuwa kabla serikali kuu haijafanya kazi kubwa inayoweza kudhuru mazingira, ichunguze kwanza na kuandika kazi hiyo itaharibu nini. Tena iandike njia nyingine ambazo zingeweza kufuatwa, pamoja na ile njia ya kuacha mambo kama yalivyo.

Hapa wasomaji wengi watakosea kama tulivyokosea sisi darasani. Tulimwambia mzee kuwa sheria inakataza kukata. Sivyo. Sheria hii haikatazi. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema wazi kuwa sheria inakataza serikali kufanya jambo bila kujua, haikatazi serikali kufanya jambo lisilo la busara. Ofisa akichunguza, akaandika kuwa mto utaharibika, akawasikiliza watu, halafu akaamua kukata, sheria hii peke yake haimshiki. Lakini atakuwa ameandika kwa mkono wake kuwa mto utaharibika, na karatasi hiyo itasomwa na kila mtu. Sisi tunaona nguvu yake iko hapo. Mtu anaona haya kuandika jambo ambalo angelifanya kimya kimya bila wasiwasi.

Uchunguzi wenyewe una njia tatu. Kazi ikiwa kubwa na madhara yake makubwa, huandikwa taarifa kamili. Taarifa ya moto kama ule wa Biscuit ni kitabu kizito, huwezi kukimaliza kwa usiku mmoja wala kwa juma moja. Kazi ikiwa ya kati, au haijulikani kama madhara yatakuwa makubwa, huandikwa uchunguzi mfupi. Ukionyesha hatari kubwa, basi lazima irudi kwenye taarifa kamili.

Njia ya tatu ni msamaha. Huwezi kuandika kitabu kwa sababu unafyeka nyasi za uwanja wa ofisi au unapaka rangi ukuta. Kwa hiyo serikali ina orodha ya kazi ndogo ndogo ambazo zimejulikana kuwa hazina madhara makubwa, nazo zimesamehewa uchunguzi. Hakuna aliyekataa kuwepo kwa orodha hiyo. Ugomvi ni juu ya kitu gani kiingie ndani yake. Kila mwenye haraka anataka kazi yake iitwe ndogo.

Iliwahi kutokea hata mlango wote kufunguliwa. Mwaka 1995 Bunge la Marekani lilikuwa linapitisha sheria ya mambo ya fedha. Ndani yake wakapachika vifungu juu ya kuokoa mbao. Vifungu vile vilisema kwamba karatasi zo zote atakazotengeneza ofisa wa misitu zitahesabiwa kuwa zimetosha kwa sheria zote za mazingira. Rais Bill Clinton alitia sahihi mwezi Julai mwaka huo. Tena maana ya "kuokoa" ilipanuliwa. Haikuwa miti iliyokufa tu, bali hata miti iliyo karibu kushambuliwa na moto au wadudu. Ndugu wasomaji, mti gani duniani hauko karibu kushambuliwa na moto au wadudu siku moja? Watu walipinga, wengine walikaa barabarani kuzuia malori ya magogo. Vifungu vile vilikwisha muda wake mwishoni mwa mwaka 1996.

Baada ya hapo ikaja njia ndogo zaidi, ya namba. Mwaka 2003 Idara ya Misitu iliongeza kuokoa mbao katika orodha ya msamaha. Iliweka mipaka. Eneo lisizidi ekari 250, na barabara ya muda isizidi nusu maili, yaani mita 800 hivi. Idara ilisema kwamba imetazama kazi nyingi za nyuma za ukubwa huo, na haikuona kuwa zilileta madhara makubwa. Tena mahali penye jambo la pekee, kama vile wanyama walio hatarini kwisha au mahali patakatifu pa wenyeji wa asili, ofisa alitakiwa kutazama kwanza kama msamaha unafaa hapo.

Ekari 250 ni ndogo au ni kubwa? Inategemea nani anauliza. Katika msitu ulioungua ekari laki moja na nusu, ni kipande tu. Kwa mtu anayelima ekari tatu, ni mashamba ya majirani zake wote na zaidi. Na kwa mto mdogo unaopita katikati ya ekari hizo, ndiyo dunia yake nzima.

Hebu tutazame namba hiyo ilivyofanya kazi. Mwezi Julai 2002, mwezi ule ule wa moto wa Biscuit, moto mwingine uliitwa McNally uliwaka huko California, katika Msitu wa Taifa wa Sequoia. Uliteketeza kiasi cha ekari 150,000. Mwaka uliofuata, mwezi Septemba 2003, Idara ya Misitu iliruhusu kuuzwa kwa mbao zilizoungua mahali paitwapo Burnt Ridge. Eneo lake lilikuwa ekari 238. Mpaka wa msamaha ni 250. Basi uchunguzi ukasamehewa. Na kwa kanuni mpya za Idara, kazi iliyosamehewa uchunguzi ilisamehewa pia kutangazwa kwa wananchi, kupokea maoni yao, na kusikiliza rufaa yao.

Hapo ndipo watu walipokasirika. Maana tangu mwaka 1992 ilikuwepo sheria nyingine iliyoagiza kuwa Idara ya Misitu iwape wananchi siku 30 za kutoa maoni juu ya mipango yake, na siku 45 za kukata rufaa baada ya uamuzi. Chama kimoja cha kulinda mazingira kiitwacho Earth Island Institute, pamoja na vyama vingine, kikaenda mahakamani mwezi Desemba 2003. Jaji alizuia kazi ya Burnt Ridge. Baadaye pande mbili zilipatana juu ya zile ekari 238. Lakini vyama vilisema: hatukuja kwa sababu ya mlima mmoja, tumekuja kwa sababu ya kanuni yenyewe, kwa kuwa itatumika katika milima mingine mingi.

Kesi ilipanda ngazi mpaka Mahakama ya Juu. Mwezi Machi 2009 majaji tisa waligawanyika, watano kwa wanne, na vyama vikashindwa. Jaji Antonin Scalia aliandika hukumu. Hakusema kanuni ni nzuri wala kanuni ni mbaya. Alisema kuwa ugomvi wa Burnt Ridge umekwisha, na walioshtaki hawakuonyesha mahali pengine hasa ambapo wao wenyewe watadhurika. Mwanachama mmoja alikuwa ameeleza kuwa ametembelea misitu mingi na atatembelea tena. Jaji alisema hiyo haitoshi.

Tufanye mfano wa nyumbani. Unakwenda barazani kushtaki kuwa ng'ombe wa jirani watakula mahindi. Wazee wanakuuliza, "Shamba lipi?" Ukijibu, "Shamba lo lote nitakalolima," watakuambia urudi siku ng'ombe watakapoingia. Ndivyo walivyosema wale watano. Jaji Stephen Breyer na wenzake watatu walikataa. Walisema Idara itatumia kanuni hii mara nyingi sana, na vyama hivi vina wanachama wengi wanaotembea misituni. Lazima watakutana. Kwa nini wasubiri mpaka magogo yawe kiwandani? Sisi moyo wetu unaelekea kwa wale wanne, ingawa tunakiri kuwa baraza linalosikiliza kila hofu ya kila mtu haliwezi kumaliza kesi hata moja.

Ekari 250 zilikuwa mpaka wa msamaha wa kuokoa mbao. Lakini orodha ya msamaha ina mistari mingi, na mtu mwerevu husoma yote. Mwaka 2018 moto ulioitwa Ranch uliteketeza sehemu kubwa ya Msitu wa Taifa wa Mendocino, California. Miti iliyokufa ilibaki imesimama kando ya barabara za msitu. Ni kweli kuwa mti uliokufa ni hatari kwa wapita njia, na ofisa asiyeuondoa atalaumiwa siku utakapomwangukia mtu. Basi Idara ikatumia msamaha mwingine kabisa, ule wa matengenezo ya barabara. Ikapanga kuuza miti hadi futi 200 kila upande wa barabara. Futi 200 ni kama mita 60. Jumla ya eneo ilikuwa karibu ekari 4,700.

Wananchi wakaenda mahakamani tena, na safari hii walikuwa na shamba la kuonyesha. Mwezi Agosti 2020 Mahakama ya Rufaa ilisema kuwa kuondoa mti mmoja mmoja uliooza kando ya barabara ni matengenezo, hakuna ubishi. Lakini kuuza mbao katika maelfu ya ekari hakuwezi kuitwa matengenezo ya barabara kwa maana yo yote ya akili. Mti ulio mbali na barabara kuliko urefu wake hauwezi kuifikia hata ukianguka. Tulipowasomea wanakisomo sehemu hii, walielewa mara moja. Mwanakisomo mmoja alisema hata kijijini mtu huomba ruhusa ya kufyeka njia ya kwenda kisimani, halafu njia hiyo inageuka shamba la mahindi.

Sasa mambo yanaelekea upande wa haraka. Ile sheria ya 1992, ya siku 30 na siku 45, Bunge liliifuta mwaka 2014. Mahali pa rufaa paliwekwa utaratibu wa kutoa pingamizi kabla uamuzi haujatiwa sahihi. Mwaka 2023 Bunge lilibadili sheria ile kubwa ya 1970. Taarifa kamili isizidi kurasa 150, au 300 kama jambo ni gumu sana, na imalizike katika miaka miwili. Uchunguzi mfupi usizidi kurasa 75 na umalizike katika mwaka mmoja. Hilo la kurasa hatulilaumu sana. Kitabu ambacho mkulima hawezi kukisoma hakimsaidii, hata kama kimeandikwa kwa ajili yake.

Lakini mwezi Aprili 2025 Waziri wa Kilimo wa Marekani alitangaza hali ya dharura katika zaidi ya ekari milioni 112 za misitu ya taifa, kwa sababu ya hatari ya moto, wadudu na magonjwa ya miti. Hiyo ni zaidi ya nusu ya misitu yote ya taifa. Katika hali ya dharura, sheria ya 2021 inaruhusu kazi kama kuondoa miti iliyokufa zifanywe kwa uchunguzi uliofupishwa. Si lazima tena kulinganisha njia nyingi. Inatosha kulinganisha mbili, kufanya na kutofanya. Na ule utaratibu wa pingamizi unaondolewa. Kisha mwezi Julai 2025 Wizara ya Kilimo ikatoa kanuni mpya za uchunguzi kwa idara zake zote, na nafasi ya wananchi kutoa maoni ikapunguzwa. Serikali inasema moto hausubiri karatasi. Wanaopinga wanajibu kuwa dharura ni ya siku chache, na haiwezi kuwa nusu ya misitu yote. Mtu aliyebaki nje ya mlango wa Idara bado anaweza kwenda mahakamani, lakini mahakama ni mbali na ni ghali.

Wako watakaotuuliza habari za hapa nyumbani. Sisi tunazo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Katika msitu wa hifadhi, mti ukifa hautoki mikononi mwa mwenye msitu. Kuukata na kuuondoa kunahitaji kibali kama mti mbichi. Msitu wa hifadhi wa kijiji husimamiwa na kijiji chenyewe, kwa hiyo baada ya moto swali la nani akate na nani asikate linakuja katika mkutano wenu, na mnaweza kuagiza Bwana Misitu aje atazame udongo na vijito kabla msumeno haujaingia.

Kabla ya kulipeleka gazeti mtamboni tulirudi katika lile darasa na makala hii. Yule mama aliisoma kwa sauti mpaka mwisho, akipumzika mara mbili. Mzee alisikiliza. Kisha akasema, "Sasa nimeelewa kesi ni ya nini. Lakini rudieni pale penye ekari 238. Nani alipima?"

Tukamwambia mipaka ya kazi kama ile huchorwa na Idara yenyewe.

"Ndiyo hiyo Idara inayouza?"

Tukasema ndiyo.

Akamwomba mama asome tena, kuanzia pale penye 250.